Kisemeo Kisichojua Kukataa

Mwanangu Zuberi,

Barua hii haina salamu. Kila mtu anajua mimi nikishika kalamu huanza na "ama baada ya salamu", nikauliza hali ya mtu na watoto wake na kuku wake, ndipo nifike kwenye jambo. Leo naziruka makusudi, maana salamu na adabu ndizo zilizotufikisha pabaya mimi na wewe. Kesho asubuhi unapanda basi la Dodoma. Sasa hivi umekwenda kinyozi na binamu yako Juma, na kwa jinsi kinyozi yule anavyopenda soga, nina nafasi ya kulia na kuandika, vyote viwili.

Habari za chandarua, za mafuta ya kuchua mgongo na za nguo za baridi hutazikuta humu. Shangazi yako ameapa kuzisema zote kesho mlangoni, na akishaanza huwa hana kituo. Wala sikufundi. Mimi ni kungwi, nimefunda wari wa Usagara na Ngamiani hapa Tanga, nimeitwa mpaka Raskazone kwenye nyumba za mageti makubwa, na nikifungua mdomo wasichana wanainamisha vichwa. Kwako wewe mdomo huu umekwisha kufanya kazi yake, na ikazidi. Nina jambo moja tu la kukuandikia. Unalijua, ulikuwepo, lakini hujapata kulisikia lote kutoka kwangu, na sitaki uondoke hujalisikia.

Ulipozaliwa ulichelewa kulia. Baadaye tukaambiwa ni mtindio wa ubongo, kwamba akili yako ni nzima ila mikono, miguu na ulimi havitakutii upesi. Baba yako alikuwa fundi baiskeli, unamjua, mtu wa kujibu kwa spana. Alikwenda barazani akaanza kupekua magurudumu ya zamani, na wenzako walipoanza kutembea wewe ulikuwa na kigari chako tayari. Mimi nikaanza kukusikiliza. Ndivyo tulivyogawana kazi bila kuambizana: yeye alichukua miguu yako, mimi nikachukua ulimi.

Na nilikuwa hodari, nisijinyime sifa. Watu walisikia mlio tu, mimi nilisikia maneno. Ukikaza shingo na kuvuta sauti puani nilijua unasema dirisha. Wageni wakiuliza, "Ati, mwana anasemaje?" mimi nishajibu, nao wanabaki vinywa wazi. Nilijivuna sana kwa hilo. Hakuna aliyekujua kama mimi, na hakuna aliyeweza kukufikia bila kupita kwangu. Nikiikumbuka furaha niliyokuwa nayo siku hizo, naona haya.

Huku kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa anahesabiwa hana mama. Wewe ulikuwa unaamkia, lakini shikamoo yako ilitaka muda, na wapita njia hawana muda. Basi nikawa naisema mimi. "Zuberi anakuamkia, mzee." "Marahaba, mwanangu, ukue." Mzee anakwenda zake. Na wewe huku bado uko katikati, unaivuta, unaimaliza mpaka mwisho, unamwamkia mtu aliyekwisha kukupa mgongo. Hukuwahi kuiacha njiani hata siku moja. Mimi nakufuta mate nakwambia, "Basi, baba, nishakusemea."

Kukusemea kukazaa kukutengenezea. Ulisema bibi fulani ananuka tumbaku, nikamwambia, "Anasema karibu, bibi." Tukacheka mimi na wewe mpaka kigari kikataka kupinduka, na baba yako barazani akauliza tuna nini. Hiyo ilikuwa tamu. Lakini nikazoea. Ulisema hutaki kuachwa kwa jirani nikienda shughulini, nikasema umekubali. Ulisema sindano inauma waache, nikamwambia muuguzi aendelee tu. Yalikuwa mambo madogo, mwanangu, na kila moja lilikuwa na sababu yake nzuri.

Ulikuwa darasa la nne tulipopewa kile chombo. Dada Neema, mtaalamu wa mazoezi pale kituoni ulikokuwa ukipelekwa kunyooshwa viungo, Msambaa mpole asiyepandisha sauti, alikiweka mezani mbele yetu: sahani ya plastiki yenye vitufe vikubwa vya rangi. Kila kitufe unakirekodia neno, na ukikibonyeza kinalisema. Vilikuja vitupu. Baba yako akakiita kisemeo, akakichongea meza ya mbao mbele ya kiti chako. Dada Neema akaniambia, "Mama, kabla hujarekodi, kaa naye. Mwulize anataka maneno gani."

"Dada wee," nikamwambia, "mimi niliyemzaa nikamwulize?"

"Mwulize tu. Na akikua mbadilishe, maana hata mimi na wewe hatusemi tuliyokuwa tukisema utotoni."

Sikukuuliza. Nilijifungia chumbani nikarekodi kwa sauti yangu ya shughulini, ile nzuri. Shikamoo. Marahaba. Karibuni. Asante. Nashukuru. Nimeshiba. Alhamdulillahi. Inshallah. Nilikutilia kila ninachomtilia mwari. Na unajua ninavyowafunda: mtu mstaarabu hasemi sitaki. Chakula usichokitaka, umeshiba. Safari usiyoitaka, inshallah. Mgeni usiyemtaka, karibu siku nyingine. Kukataa kavukavu ni kukosa malezi. Basi vitufe vikajaa, na hakuna hata kimoja kilichojua kusema hapana. Usidhani nilisahau. Nilifikiri, nikaona halikufai.

Mtaa ukakupenda. Unabonyeza, sauti yangu inatoka kifuani pako, "Shikamoo," na wazee wanashika ndevu kwa furaha. "Mashallah, mtoto ana adabu huyu." Walinisifu mimi, kwa kweli, nami nilizipokea sifa zile bila kuona ubaya. Ukafika kidato cha pili, ndevu zinachungulia, unaandika insha kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya shule mpaka walimu wanagombea kuzisoma, na nyumbani bado unaongea kwa vitufe vya darasa la nne na kwa sauti ya mama yako. Uliniomba tubadilishe maneno. Nilikusikia vizuri sana. Nikakujibu inshallah.

Halafu baba yako akafa. Alianguka barazani mchana, hakuinuka. Ndugu zake wa Ushongo wakataka alazwe kwao, karibu na wazazi wake, nami sikupinga. Tukamchukua kwa gari la kukodi. Kivuko cha Pangani kikatuchelewesha, na tulipofika kwa baba yako mdogo Kassim alasiri ilikuwa inakwisha na watu wana haraka, maana maiti hacheleweshwi. Mimi nikaingizwa chumbani na wanawake. Unajua sisi hatuendi makaburini. Katika nyumba yetu mtu wa kwenda alikuwa mmoja tu, wewe, mwanawe wa pekee, wa kumgusa baba yake akishushwa na kumtupia udongo.

Njia ya makaburini Ushongo ni mchanga mtupu, gurudumu linazama. Wanaume wakashauriana uani, nawasikia dirishani, mmoja akasema mtoto abaki. Ndipo ulipoanza kubonyeza. Ulibonyeza kila kitu ulichokuwa nacho. "Karibuni. Nimeshiba. Asante. Shikamoo. Inshallah." Sauti yangu ile ya shughulini ikazunguka ua wenye jeneza. Wengine wakadhani umechanganyikiwa, wengine wakadhani unajiliwaza na chombo chako, mmoja akasema maskini. Ulipoona hakisaidii ukakisukuma kikaanguka, ukaita kwa mdomo wako mwenyewe. Uliita kwa nguvu zako zote, na wao wakasikia mlio.

Kassim akaja dirishani. "Shemeji, mwana asemaje?"

Ulikuwa unasema, "Nipelekeni. Nibebeni, nipelekeni kwa baba." Niliyasikia maneno yako kama ninavyosikia adhana.

Nikasema, "Anasema nendeni tu. Yeye atabaki na mimi."

Ukanyamaza. Palikuwa na pazia kati yetu lakini nilijua umenisikia, maana ulikoma katikati ya neno, na wewe hukuwa mtu wa kuacha neno katikati. Kisha nikasikia miguu ya wanaume na dhikri ikienda mbali.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa watakubeba kama gunia mbele za watu. Niliogopa utaangukia kaburini. Niliona mtakawia na jua linatua. Hizi ndizo sababu nilizojiambia eda nzima, nikiwa nimekaa huko huko Ushongo na wewe umerudi shule na shangazi yako. Iko nyingine, nayo ndiyo inayonichoma: sikutaka kubaki mle chumbani bila mtu wangu. Mume alikuwa anatolewa mlangoni, nikamng'ang'ania mwana. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nimewaambia wari msemo huo miaka yote, na siku yangu ilipofika niliuvunja kwa maneno machache tu.

Baada ya hapo sikukwambia kitu. Nilirudi Tanga, ukasoma, ukafaulu. Kisemeo hukukigusa tena, nikawaambia watu kimeharibika. Tumeishi nyumba moja, mimi nakulisha wewe unameza, na neno lile limekaa baina yetu kama mgeni asiyeaga. Nilijua unajua. Nilitumaini umesahau. Mtu mzima na akili zangu, natumaini mtoto amesahau maziko ya baba yake!

Chuo kilipokuchukua ukasomee mipango miji, wewe unayegombana na kila ngazi ya mji huu, wakakutaka ufike kwanza ujaribu vifaa ili wajue wakuandalie vipi. Mimi nilikuwa nishapanga yote kichwani. Nitakodi chumba karibu na chuo, asubuhi nakuogesha, darasani nakaa pembeni nakusemea. Nilikuwa nishawaaga hata mama za wari wangu. Ulijaribu kuniambia kitu kuhusu mpango huo. Nilikuwa na haraka, nikakwambia tutaongea.

Tulipofika Dodoma, yule kijana wa ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, Elia, alikuwa amepanga vifaa juu ya meza ndefu kama mtu anayefungua duka. Akakuuliza, "Zuberi, mkono upi huchoka kwanza?" Nikajibu mimi, wa kushoto. "Ukiandika unapenda kukaa wima au kuegemea?" Nikajibu mimi. "Kichwa kinakuuma ukitazama kioo muda mrefu?" Nikajibu mimi. Akaweka kalamu chini, na kwa heshima zote akasema, "Mama, niwie radhi. Naomba nimsikie yeye."

"Utamngoja mpaka kesho," nikamwambia.

"Sina pa kwenda leo, mama."

Basi ukajaribu. Kile cha kuandika kwa kufuata macho kilikataa, kwa kuwa kichwa chako hakitulii. Fimbo ya kusukuma kwa kiganja ikakukimbia. Kisha Elia akatoa kishikwambi. Mwanangu, kile kishikwambi! Kioo kinang'aa, picha za rangi, unagusa picha moja kinasema sentensi nzima kwa sauti ya mwanamke kama mtangazaji wa redio. "Habari za asubuhi, mwalimu." "Naomba maji, tafadhali." Nilikipenda hapo hapo. Nilikitazama kama ninavyotazama shuka la kumtandikia bibi harusi, nikaanza kuona watu watakavyosifu. Nikamwambia Elia, "Hiki hiki, baba. Wala usihangaike tena."

Ukakisukuma kwa kiwiko. Ukaelekeza kidevu kwenye kitu kibaya kuliko vyote pale mezani: kibodi nene yenye herufi kubwa, juu yake limelazwa bamba lenye matundu, kila herufi na tundu lake, ili mkono ukitetemeka kidole kisiangukie herufi ya jirani. Kando yake mpira wa kuzungusha kwa kiganja badala ya kipanya. Elia akaviunganisha na kompyuta ya kupakata, akaeleza kwamba ndani yake mna programu ya kusoma kwa sauti kile mtu alichokiandika. Akatujaribishia. Ilikuwa sauti ya bati, ya mwanamume mwenye mafua.

"Na hiki kitamchukua muda gani kusema jambo?" nikauliza. "Mpaka amalize, mtu kashafika kwake kalala."

"Kweli kitamchukua muda," akasema Elia. "Kile kingine ni chepesi zaidi, mama hajakosea. Zuberi, kwa nini hukitaki?"

Ukalaza mkono juu ya bamba ukaanza kutafuta matundu. Herufi, unapumzika, herufi. Elia akageukia dirishani, ametulia kama mtu anayengoja chai ichemke. Mimi niliteseka. Mdomo wangu ulikuwa umeshajaa majibu yako, nikatia ncha ya mtandio kinywani nikauma. Mara mbili Elia alinitazama nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba sisemi. Mwishowe ukabonyeza, na ile sauti mbaya ikasema:

"Nilikuwa na chenye maneno tayari. Siku ya kumzika baba niliyabonyeza yote. Nipelekeni halikuwemo."

Elia akanitazama. Wewe hukunitazama, ulikuwa ushaanza tena kuandika.

"Nikamwambia mama. Mama akawaambia watu neno jingine."

Nimeshika ukingo wa meza, mkono wako bado unatafuta, na mara ya tatu sauti ikasema: "Nataka hiki. Na nitakuja chuo peke yangu."

Sikulia mbele ya kijana wa watu. Nilisema, "Mwandikie alichotaka," nikatoka nje kama natafuta choo. Nilisimama nyuma ya jengo kwenye jua kali la Dodoma nikalia kwa sauti, na wanafunzi wakapita na simu zao wasijue wanitazame au wasinitazame. Nimechagua vitu vingi maishani mwangu, Zuberi, na vingi nilivichagua kwa macho ya wageni, mapazia, sahani, na maneno ya mwanangu pia. Wewe ulichagua kwa mkono wako, ukijua kila sentensi itakutoa jasho. Niliposimama pale ukutani nilikuonea uchungu, nikakuonea fahari, na nikikwambia kweli nilikuonea hasira vilevile. Nilitaka unihitaji.

Elia alituruhusu kurudi na vifaa vile ili uvizoee. Nyumbani nikakaa kitini mbele yako, nikaikalia mikono yangu, nikakuuliza, "Kabla hujaondoka, unataka nini?" Nikanyamaza. Uji ulichemka ukamwagika jikoni, sikuinuka. Ukaandika: "Ushongo."

Unakumbuka tulivyomkuta baba yako mdogo Kassim akimwagilia bustani ya wale wageni wanaopanga vibanda vya ufukweni. Alinigeukia mimi kama kawaida yake, nikamwambia, "Ngoja, Kassim." Akangoja, mpira wa maji unamlowesha miguu. Kisha kifaa chako kikasema, "Shikamoo, baba mdogo." Kassim aliangaza huku na huku kabla hajaitikia marahaba. Tukaenda kwake, na pale uani, mbele ya mkewe na majirani waliokuja kuamkia, nikasema kabla ubavu haujaniishia:

"Kassim, siku ya maziko uliniuliza mwana asemaje. Alisema nipelekeni. Mimi nikakudanganya."

"Shemeji," akasema, "miaka yote hii nikija Tanga mwana huyu hanitazami usoni. Mie nikamwambia mke wangu, ndo maradhi yake, shingo haigeuki." Akakugeukia wewe. "Kumbe wanichukia, mwanangu."

Ukaandika. Tulingoja wote, hata watoto. Kikasema, "Ndiyo."

Neno moja, na sikulipaka sukari. Ningeweza. Lilikuwa limeshanijia ulimini, kwamba unatania, kwamba umesamehe zamani. Kassim alifunika uso kwa viganja akalia kama alivyolia siku ya nduguye, kisha akachutama mbele ya kiti chako akakupa mgongo, akasema, "Panda twende." Jirani akakuinua akakuweka. Nikawaona mkiingia kwenye njia ile ya mchanga, miguu yako inaning'inia kiunoni kwake, na sikuwafuata.

Mlikawia sana. Sijui ulimwambia nini baba yako, kwa mdomo au kwa moyo, wala sitakuuliza. Uliporudi mikono yako ilikuwa na mchanga mpaka ndani ya kucha. Nilichota maji haraka nikusafishe, halafu nikasimama na ndoo mkononi nikakuuliza kama unataka kunawa. Ukasema hapana, kwa mdomo wako, polepole, na nikangoja mpaka ukalimaliza. Ulilala na mchanga ule, na mimi nikamwaga maji.

Juzi ulipokuwa umelala mchana nilijaribu kibodi yako. Nilitaka kukuandikia nisamehe. Nilitia kidole kwenye tundu, nikalitafuta lingine, nikakosea, nikafuta, shingo ikaniuma mimi mwenye mikono mizima. Nilipofika katikati nikaona nakuomba radhi kwa sauti ya bati ili nisiisikie yangu inavyotetemeka. Nikafuta yote. Nisamehe, Zuberi. Naiandika kwa mkono wangu, na kesho kabla ya basi nitaisema kwa mdomo, na hulazimiki kunijibu kesho, wala mwakani.

Sijui nitafanya nini na masikio haya. Yamejifunza lugha ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe anaondoka. Huko utaogeshwa na mwenzako ambaye hajui kwamba sikio lako la kushoto halitaki maji, na itabidi umwambie, na ataelewa kwa taabu, na utamwambia tena. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa nilipo nalia, kwa hiyo wahenga waache wapumzike.

Siku za Ijumaa nitakupigia simu. Nitasema hujambo, halafu patakuwa kimya, na mtu mwingine angedhani mtandao umekatika. Mimi nitajua unaandika. Nitangoja na sitakujazia. Na Ijumaa utakayokuwa hutaki kuongea na mimi, mwanangu, usivumilie kwa ajili yangu. Andika sitaki. Nitaumia, nitasema haya, nitakata simu, na Ijumaa ya pili yake nitapiga tena.

Mama yako,
Mwanaidi